Ekman Yupi?

Waheshimiwa walimu, mabaharia, maofisa wa uvuvi, na ninyi vijana mnaosomea bahari na maziwa: asalaam aleikum, na hamjambo.

Mada yangu ni jina moja la Kiswidi, Ekman. Anayesoma bahari hukutana nalo kila akifunua kitabu: tabaka la Ekman, spirali ya Ekman, usombaji wa Ekman, namba ya Ekman. Akihamia kwenye maabara ya maziwa, anakabidhiwa sanduku la chuma la kuchotea tope na kuambiwa, "Chukua Ekman hiyo." Akiingia kwenye intaneti kulitafuta, anamkuta Ekman akiteleza kwenye barafu na gongo mkononi, na Ekman mwingine akipima hasira na huzuni kwenye nyuso za watu. Wengi hudhani ni bwana mmoja aliyefanya mengi. La. Ni watu wengi, na wanafunzi wetu hupoteza alama, na hata data, kwa kutowatenganisha.

Kwa hiyo ninawaombeni mtoke hapa na maswali mawili. La kwanza: Ekman yupi? La pili ni zito zaidi kwetu tunaoishi hapa: umesimama upande gani wa ikweta?

Nianze na jina lenyewe. Kwa Kiswidi *ek* ni mti wa mwaloni, na *man* ni mtu. Zamani Waswidi wengi wa mashambani walitumia jina la baba tu, Anders mwana wa Lars na kadhalika, na wale wa mijini na wenye elimu wakajichagulia majina yaliyotokana na maumbile: mlima, mkondo, mti, tawi. Mwaka 1901 serikali ilitoa amri kuhusu majina ya ukoo, na desturi ya kuwa na jina la ukoo la kudumu ikaenea. Ndiyo maana Ekman wawili si lazima wawe ndugu, kama vile Said wa Tanga na Said wa Lamu si lazima wawe na babu mmoja.

Wale wasiotuhusu sana niwapitie haraka. Oliver Ekman-Larsson, aliyezaliwa Karlskrona mwaka 1991, ni beki wa hoki ya barafu. Aliteuliwa nahodha wa Arizona Coyotes mwaka 2018 na akatwaa Kombe la Stanley akiwa na Florida Panthers mwaka 2024. Nils Ekman, wa 1976, naye alicheza hoki katika ligi ya Amerika Kaskazini, San Jose wakimjua zaidi. Paul Ekman alikuwa Mmarekani, mwanasaikolojia. Yeye na mwenzake Wallace Friesen walitoa mwaka 1978 mfumo wa kuhesabu misuli ya uso inayojikaza mtu anapocheka, kuogopa au kuchukia. Erik Leonard Ekman alikuwa mtaalamu wa mimea aliyekusanya maelfu ya vielelezo Cuba na katika kisiwa cha Hispaniola, akafariki huko huko mwaka 1931. Mimea mingi ya Karibi inabeba neno *ekmanii* kwa heshima yake. Na Carl Daniel Ekman alikuwa mkemia: mwaka 1874, kwenye kiwanda cha Bergvik, alifanikisha njia ya kuzipika mbao kwa salfaiti ili kupata rojo la karatasi. Mwaka huo huo ndipo alipozaliwa Ekman ninayetaka kukaa naye.

Vagn Walfrid Ekman alizaliwa Stockholm tarehe 3 Mei 1874. Baba yake, Fredrik Laurentz Ekman, naye alikuwa mtu wa bahari na kemia, kwa hiyo ukikuta "Ekman" katika maandishi ya bahari ya kabla ya 1890, huyo ni baba, si mwana. Vagn Walfrid alisoma Uppsala, akafanya kazi Norway, kisha akawa profesa Lund kuanzia 1910 hadi 1939. Alifariki mwaka 1954.

Swali lililomfanya ajulikane halikuwa lake. Lilitoka kwa Fridtjof Nansen, mpelelezi Mnorwei wa Aktiki. Meli yake, Fram, iliachwa makusudi ishikwe na barafu ya Aktiki, ikasukumwa nayo kati ya 1893 na 1896. Nansen aliona jambo lililomsumbua: barafu haikwenda kule upepo ulikokwenda. Ilikengeuka nyuzi 20 hadi 40 kuelekea kulia kwa upepo. Akahisi kwamba ni mzunguko wa dunia unaofanya hivyo, na kwamba kila tabaka la maji, likisukumwa na lile lililo juu yake, litakengeuka zaidi. Alipeleka wazo hilo kwa mwanafizikia Vilhelm Bjerknes ili apatikane mwanafunzi wa kulipigia hesabu. Mwanafunzi aliyepatikana ni Ekman. Hesabu hizo ndizo zilizompa udaktari mwaka 1902, na makala yake ya 1905 ndiyo inayonukuliwa hadi leo.

Sasa sikilizeni vizuri hesabu hizo zinasemaje. Upepo unakwaruza uso wa maji. Uso unakwaruza maji yaliyo chini yake, na hayo yanakwaruza yaliyo chini zaidi. Wakati huo huo dunia inazunguka, na kila kinachosogea juu yake kinasukumwa pembeni na kani ya Coriolis. Kaskazini ya ikweta kinasukumwa kulia kwa mwelekeo wake, kusini ya ikweta kinasukumwa kushoto. Katika hesabu ya Ekman, maji ya juu kabisa huenda nyuzi 45 pembeni ya upepo. Ukishuka, mwelekeo unazidi kuzunguka na mwendo unazidi kupungua, mpaka unafika kina ambapo maji yanakwenda kinyume kabisa na maji ya juu, yakiwa na mwendo wa takriban sehemu moja ya 23 ya mwendo wa juu. Ukichora mishale ya mikondo hiyo moja chini ya mwingine, unapata kitu kinachofanana na ngazi ndani ya mnara wa msikiti, inayozunguka huku vidato vyake vikifupika. Hiyo ndiyo spirali ya Ekman. Maji yote kutoka juu mpaka mwisho wa ngazi hiyo ndiyo tabaka la Ekman.

Sehemu yenye faida kubwa zaidi, na ndiyo inayosahauliwa, ni jumla yake. Ukijumlisha mishale yote, maji ya tabaka zima kwa wastani hayaendi kule uendako upepo, wala hayaendi nyuzi 45. Yanakwenda nyuzi 90, pembeni kabisa. Huo ndio usombaji wa Ekman. Mwanafunzi anayeandika kwenye mtihani kwamba "usombaji wa Ekman ni nyuzi 45" amechanganya uso na jumla. Naomba kosa hilo tulimalize.

Njia ya kukumbuka ni hii. Upe upepo mgongo, nyoosha mikono pembeni. Ukiwa Mombasa, Pemba, Kilwa au Mtwara, mkono wa kushoto unaonyesha maji yanakosombwa. Ukiwa Ras Hafun ya Somalia, au Salalah na Muscat za Oman, ni mkono wa kulia. Vitabu vingi tunavyosomea vimechapishwa Ulaya na Marekani, na mchoro wao huwa ni wa nusu ya kaskazini. Anayenakili mchoro huo kwa pwani ya Tanzania bila kuugeuza amepeleka maji nchi kavu pale yanapopaswa kwenda baharini, na kinyume chake. Pwani yote ya Kenya na ya Tanzania iko kusini ya ikweta. Hakuna kisingizio.

Kuna mtego mwingine, wa lugha. Upepo hupewa jina la kule utokako, mkondo hutajwa kwa kule uendako. Kusi linatoka kusini. Mkondo wa kusini, kwenye ripoti, unakwenda kusini. Ukichukua namba ya mwelekeo wa upepo kutoka kituo cha hali ya hewa, tuseme nyuzi 150, huo ni upande unakotoka. Ongeza 180 upate 330, ndipo utoe 90 kwa kuwa tuko kusini, upate 240. Yaani maji yanasombwa kuelekea magharibi-kusini-magharibi. Andika hatua hizo zote tatu kwenye daftari. Anayezipiga kichwani hukosea ya kwanza.

Sasa tuzipeleke hesabu hizo baharini kwetu. Wakati wa kusi, upande wetu wa ikweta, upepo unakwenda kama kaskazini-magharibi, sambamba kiasi na pwani. Kushoto kwake ni nchi kavu. Kwa hiyo maji ya juu, yenye joto, yanarundikwa pwani na kushuka, na tabaka la maji ya joto linakuwa nene. Wakati wa kaskazi, upepo unakwenda kusini-magharibi, kushoto kwake ni bahari kuu, na maji ya juu yanavutwa kutoka pwani. Nafasi yao inajazwa kutoka chini. Kaskazini mwa Kenya hali hiyo inaongezewa nguvu na jambo jingine: wakati wa kaskazi Mkondo wa Somalia unateremka kusini, unakutana na Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, na yote miwili inageukia bahari kuu. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kila samaki wa huko ameletwa na Ekman.

Vuka ikweta uone mambo yanavyogeuka. Kusi lile lile, likishapita ikweta, linapinda na kutoka kusini-magharibi, likaenda kaskazini-mashariki sambamba na pwani ya Somalia. Kulia kwake ni bahari. Maji ya juu yanasombwa kwenda nje, na maji ya vilindi yanapanda, baridi na yenye chumvichumvi za naitreti na fosfeti zinazolisha mimea midogo ya baharini. Julai na Agosti, karibu na Ras Hafun, joto la uso wa bahari hushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, katika bahari ya tropiki! Pwani ya Oman, kuanzia Salalah kwenda Ras al-Hadd, mambo ni hayo hayo. Ndugu zetu wanaoishi Dhofar wanaujua ukungu na manyunyu ya kharif, takriban Juni hadi Septemba, milima ikawa ya kijani wakati Uarabuni kwingine kunaungua. Sehemu ya siri hiyo ni maji hayo baridi: hewa yenye unyevu inapita juu yake, inapoa, ukungu unajifunga.

Tupige hesabu moja mpate ukubwa wake. Chukua upepo wa mita 10 kwa sekunde, sambamba na pwani, latitudo 10 kaskazini. Msukumo wa upepo juu ya maji ni uzito wa hewa, kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, mara kizio cha mkwaruzo, kama 0.0013, mara mwendo wa upepo kwa kipeo cha pili, yaani 100. Jibu ni 0.156, kwa vizio vya nyutoni kwa mita ya mraba. Gawa kwa kigezo cha Coriolis cha latitudo hiyo, yaani namba inayopima nguvu ya kani ile mahali hapo, ambacho ni 0.0000253, kisha gawa kwa uzito wa maji ya bahari, 1025. Unapata mita za ujazo 6 kila sekunde kwa kila mita moja ya pwani. Kwa pwani ya kilomita 100 ni mita za ujazo 600,000 kila sekunde. Mzidishe upepo mara mbili na usombaji unazidi mara nne. Ndiyo maana siku chache za upepo mkali hufanya kazi kubwa kuliko wiki nzima ya upepo wa wastani, na ndiyo maana ni kosa kuchukua wastani wa upepo wa mwezi na kuupandisha kipeo cha pili. Piga kipeo cha pili kila kipimo kwanza, ndipo utafute wastani.

Sasa jambo ambalo, kwa maoni yangu, linapaswa kuandikwa kwa herufi kubwa ukutani katika kila chuo cha bahari kilicho karibu na ikweta. Kigezo cha Coriolis kinategemea saini ya latitudo, ile *sine* ya hesabu za pembe. Kwenye ikweta ni sifuri, na huwezi kugawa kwa sifuri. Ukikaribia ikweta, hesabu inakupa namba kubwa kupita kiasi, na programu ya kompyuta itakuchorea ramani nzuri ya rangi bila kukuonya.

Kuna njia ya kujua kama hesabu ya Ekman inafaa mahali pako. Chukua saa 12, gawa kwa saini ya latitudo. Hiyo ndiyo muda ambao maji yanahitaji ili kuukubali mzunguko wa dunia, na upepo lazima uvume bila kugeuka kwa muda wa namna hiyo kabla ya usombaji wa nyuzi 90 kujitengeneza. Stockholm, karibu na nyuzi 59, ni kama saa 14. Latitudo 10 ni karibu siku 3. Unguja, nyuzi 6, ni karibu siku 5. Mombasa, nyuzi 4, ni wiki nzima. Lamu, zaidi ya siku 12. Maana yake ni nini? Matlai, upepo wa baharini wa mchana, na umande, upepo wa nchi kavu wa usiku, havimhusu Ekman hata kidogo huku kwetu. Vinasukuma maji mbele moja kwa moja na kugeuka kabla dunia haijapata nafasi ya kuyapinda. Tangambili pia, wakati pepo hazina mwelekeo, weka kando hesabu hii. Kusi lililokaa na kaskazi lililokaa, miezi mizima upande mmoja, hapo ndipo Ekman ana haki ya kusikilizwa, na hata hapo kwa tahadhari kaskazini ya Malindi.

Na msitafute spirali kamili kwa kipimo cha siku moja. Ekman alidhania bahari isiyo na mwisho wala chini, upepo usiobadilika, na mnato wa msukosuko, yaani mkwaruzano wa maji kwa maji, ulio sawa kila kina. Bahari haiko hivyo. Mawimbi, kupwa na kujaa, na joto la jua vyote vinavuruga. Pembe ya uso mara nyingi huwa pungufu ya 45, kama Nansen mwenyewe alivyoona kwa barafu yake. Kanuni ya vitabuni ya kina cha tabaka, 7.6 mara mwendo wa upepo gawa kwa mzizi wa mraba wa saini ya latitudo, inakupa mita 180 kwa mfano wetu wa latitudo 10. Katika bahari ya tropiki maji mepesi ya joto hulala juu kama mfuniko, na nguvu ya upepo huishia kwenye mfuniko huo, juu zaidi ya hapo. Jumla ya usombaji ndiyo imara. Umbo la ngazi ndilo dhaifu. Tegemeeni jumla.

Tena, si kila maji ya chini yanayopanda ni kazi ya Ekman. Ziwa Tanganyika ni mfano mzuri. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa urefu wa ziwa, maji ya joto yanarundikwa kaskazini, na upande wa kusini, kuelekea Mpulungu, maji baridi yanapanda. Wanafunzi huandika "Ekman" hapo kwa mazoea. Ziwa lina upana wa kilomita 50 hivi na urefu wa zaidi ya 600. Upepo umelitega kama beseni lililoinuliwa upande mmoja. Huo ni mwinamo, na una hesabu zake.

Huyu Vagn Walfrid hakuwa mtu wa karatasi tu. Nansen alimpa fumbo la pili: Agosti 1893 Fram iliingia mahali penye maji matamu yaliyolala juu ya maji ya chumvi, na mwendo wake ukafa ingawa injini ilikuwa inafanya kazi. Wanorwei waliliita jambo hilo kwa neno lenye maana ya maji yaliyokufa. Hapa naomba tusitafsiri neno kwa neno. Kwetu maji mafu ni yale yasiyo na nguvu, wakati mwezi uko nusu, kinyume cha bamvua, na mvuvi yeyote atakushangaa ukimwambia maji mafu yamekamata meli. Tuseme maji yanayoshika chombo. Ekman alijenga tangi la kioo, akamwaga maji ya tabaka mbili, akavuta mfano wa Fram juu yake, na mwaka 1904 akaonyesha kwamba meli inatumia nguvu yake kutengeneza mawimbi makubwa kwenye mpaka wa maji hayo mawili, mawimbi yasiyoonekana juu. Tabaka la maji matamu la mita 2 juu ya bahari lina mawimbi ya chini yanayokwenda kama mita 0.7 kwa sekunde, mafundo 1.4 hivi. Chombo kinachojikokota kwa mwendo wa chini ya hapo kinashikwa. Kinachoweza kupita mwendo huo kinajinasua.

Mkononi mwake pia kilitoka kipima mkondo, mwanzoni mwa karne ya 20. Ni rafadha ndogo, chini yake pana boksi la dira. Kinateremshwa kwa waya, chubwi la kwanza, kizito kinachoteleza kwenye waya, linatumwa kufungua rafadha, la pili kuifunga. Rafadha ikizunguka, kila baada ya mizunguko kadhaa inaachia gololi ndogo ya shaba, inayoangukia juu ya sindano ya dira, inateleza kwenye mfereji wake, na kudondokea kwenye kimojawapo cha vyumba 36, kila kimoja nyuzi 10. Ukikipandisha, saa ya mizunguko inakupa mwendo, na gololi zinakupa mwelekeo. Adui wake wa kwanza ni meli yenyewe: chuma kinavuta dira, na meli ikiyumba kwenye nanga inapimwa pamoja na mkondo. Gololi zikitawanyika vyumba vingi, usichukue wastani na kufurahi. Jiulize kwanza kama meli ilikuwa inazunguka. Leo tuna vipimo vya sauti, lakini tatizo la dira karibu na chuma halijaondoka.

Nimemaliza na Vagn Walfrid. Sanduku la tope si lake.

Ni la Sven Ekman, mtaalamu wa wanyama, aliyezaliwa 1876 na kufariki 1964, profesa wa Uppsala. Ndiye aliyeeleza vizuri jinsi wanyama wa bahari walivyogawanyika kimaeneo, na pwani yetu kuwa sehemu ya eneo kubwa la Hindi na Pasifiki Magharibi, lenye utajiri wa viumbe kuliko maeneo mengine ya bahari za joto. Kichota tope chake alikitangaza mwaka 1911, na Edward Birge wa Marekani akakirekebisha baadaye, ndiyo maana kwenye katalogi hukutwa majina mawili pamoja. Kwa hiyo kwenye ripoti andika herufi za mwanzo: V. W. kwa mikondo, S. kwa tope. Kuandika "Ekman" tu ni kumwachia msomaji kazi yako.

Kifaa chenyewe ni boksi lisilo na kitako, la shaba au chuma kisichoshika kutu, kwa kawaida sentimita 15 kwa 15. Chini kina taya mbili zinazofungwa na springi. Juu kina vifuniko viwili vyepesi vinavyofunguka kikishuka ili maji yapite, na kujifunga kikipanda ili tope lisisombwe. Kinafaa kwenye tope laini tu. Kwenye mchanga uliokaza hakizami, kwenye mawe hakifungi, kwenye magugu maji kinarudi na mizizi mdomoni. Maziwa yetu yenye tope laini ndiyo mahali pake.

Vuta taya, nasa nyaya zake kwenye pini, na tangu hapo vidole visiingie kati ya taya hata kwa sekunde moja; springi zile zinavunja mfupa. Teremsha polepole, na mita ya mwisho polepole zaidi. Kikitua kwa kishindo, wimbi lake linapeperusha tope jepesi la juu, na humo ndimo mabuu wadogo wanamoishi: unapoteza wale wale uliokuja kuwahesabu. Kikigusa, usilegeze kamba. Kamba iliyopinda hufanya boksi liinamie upande, na chubwi hufika bila nguvu. Ikiwa mtumbwi unasukumwa na upepo, tia nanga mbili. Achia chubwi, subiri mshtuko mdogo kwenye kamba, vuta wima bila kusita.

Kabla hakijatoka majini weka beseni chini yake. Tazama taya. Kijiti au gamba la kombe likizizuia kufunga, maji yamekwisha kuchuja sehemu ya tope: mwaga yote na urudie, tena umbali wa mita chache, kwa sababu pale chini umekwisha pavuruga. Boksi likijaa mpaka juu likigusa vifuniko, lilizama kupita kiasi, na hilo pia ni la kumwaga. Chukua angalau matatu mazuri kila kituo, kwani wanyama wa tope hukaa kwa mafungu, na chota moja laweza kuangukia fungu au kulikosa.

Chekecha kwa wavu wa milimita 0.5, au laini zaidi ukitafuta mabuu wachanga, kwa maji ya taratibu. Presha ya mpira inakata minyoo vipande, nawe utahesabu mnyoo mmoja mara tatu. Eneo la boksi ni mita za mraba 0.0225, kwa hiyo zidisha idadi kwa 44.4 kupata wanyama kwa mita ya mraba. Kuna maboksi ya vipimo vingine. Pima lako kwa rula kabla ya kuamini 44.4. Hifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70, na karatasi ya jina iingie ndani ya chupa, si nje: kituo, kina, tarehe, namba ya chota, ukubwa wa boksi. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye ethanoli, na chupa ikawa haina mwenyewe.